Mwaka Chuo Chetu Kilipopanda Daraja

Siku yangu ya kwanza katika uwanja wa chuo niliambiwa nisiguse kitu. Nilikuwa nimetoka kufagia madarasa ya chuo hicho hicho, hapa Hounslow, ambako ndege zinapita chini hadi unaweza kuhesabu magurudumu yake. Mtu mmoja wa uwanjani alikuwa ameacha kazi, msimamizi wetu akauliza ni nani kati ya wafagiaji haogopi baridi, nikainua mkono. Nilidanganya. Baridi nilikuwa naiogopa sana, lakini vyoo vya wanafunzi vilikuwa vimenichosha zaidi.

Nilisimama mbele ya banda la zana, mikono kwapani, nikanong'ona, "Mungu wangu, baridi gani hii!"

"Hii bado baridi, mama," sauti ikanijibu kutoka ndani ya banda. "Ngoja Januari."

Akatoka mzee wa Kihindi mwenye kofia ya sufu na buti zilizozidi miguu yake. Huyo alikuwa Bwana Ramesh, mtunza uwanja mkuu, mzaliwa wa Kisumu. Aliishi Queensbury na kila asubuhi alikuja kwa treni na basi, na chakula chake ndani ya kopo la chuma la tabaka tatu. Aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Voi.

"Voi! Treni nasimama Voi, sisi nanunua mayai ya kuchemsha dirishani." Akaniangalia kama vile mayai yale niliyauza mimi. "Haya. Wiki hii wewe hapana shika kitu. Wewe natembea nyuma yangu, naangalia."

Basi nikatembea nyuma yake siku tano. Kila alasiri aliniuliza nimeona nini. Jumatatu nilisema nimeona nyasi, akatikisa kichwa akaenda zake. Siku ya Ijumaa nilimwambia kwamba kona ya chini, iliyo karibu na uzio, ina nyasi za kijani kilichoiva kupita kwingine, na kwamba ukiikanyaga unasikia buti likinyonywa.

"Sasa," akasema, "wewe naweza shika reki."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ambayo nimeiacha mwaka huu. Ninyi mnaosema Kiswahili na mnaofanya kazi katika viwanja, jikoni na maktaba za vyuo vya London mmeniuliza mara nyingi niliwezaje kukaa hapo miaka yote ile. Wengi mnataka kujua nilivyopata cheo na nililipwa kiasi gani. Cheo kilikuja siku Bwana Ramesh alipostaafu, na badiliko kubwa nililoliona ni kwamba simu ya saa kumi na mbili asubuhi sasa ilikuwa inanitafuta mimi. Mshahara mnaujua, maana na nyinyi mnaupata huo huo. Afadhali niwaambie habari za udongo.

Udongo wa uwanja wetu ni mfinyanzi. Wakati wa kiangazi unapasuka hadi kidole kinaingia. Mvua ikija unakuwa kama unga wa chapati uliozidishiwa maji. Dawa yake ya kwanza ni uma. Bwana Ramesh alikuwa na uma wa meno manne ambao mpini wake aliubadilisha mara mbili, na alinifundisha kuutumia kama mtu anavyofundishwa kusali. Unaukanyaga mpaka meno yote yazame, unautikisa kidogo kuelekea kwako ili ardhi ipumue, unauchomoa, unarudi nyuma hatua moja. Usiende mbele, maana utakanyaga na kuziba ulichokizibua. Uwanja mzima ni siku tatu. Vijana wa siku hizi wana mashine, nami siwalaumu, mgongo wangu ndio unaowaonea wivu.

Makosa nilifanya. Kubwa kuliko yote nililifanya mwaka wa pili, nilipochora eneo la penalti peke yangu kwa mara ya kwanza. Kamba ililegea nami sikuona. Upande mmoja ukawa mfupi kwa hatua nzima. Wageni walichezewa faulo pale pale penye hitilafu, refa akatoa penalti, beki wetu akasema haikuwa ndani, kocha wa wageni akasema ilikuwa ndani, na wote wakaanza kuutazama mstari. Refa akaomba futi ya kupimia. Bwana Ramesh aliileta mwenyewe, akanikabidhi mbele ya watu wote, akasema kwa Kiingereza, "Aliyechora ndiye atakayepima." Nikapima nikipiga magoti, watu ishirini na wawili wamesimama juu yangu. Tangu siku hiyo hadi nastaafu sikuwahi kuchora mstari bila kuupima mara mbili. Nilipotaka kusahau, magoti yalinikumbusha.

Na kuna mambo ambayo hakuna mtu anayeyafundisha. Mbweha wa Hounslow hupenda kuchimba katikati ya goli, hasa ukiwa umetoka kupanda mbegu. Ndege aina ya bata bukini huja kwa kundi na kuacha walichoacha. Refa akifika asubuhi yenye jalidi, ataugonga uwanja kwa kisigino na kusema unafaa, kwa sababu ameendesha gari kutoka mbali na hataki kurudi bure. Wewe shika bisibisi ndefu, ichome ardhini. Ikiishia nusu kidole, mwambie hapana, hata kama ana filimbi na wewe una reki tu. Nilimwambia mmoja hivyo, akanuna, akaenda. Sijawahi kuota goti la mchezaji yeyote aliyeumia kwenye uwanja wangu, maana hayupo.

Bwana Ramesh alipoondoka nilibaki na banda, uma, na kona ile ya chini iliyonyonya buti. Kila baridi ilipoingia, kona ile ilikuwa dimbwi. Nilichoma uma, nikamwaga mchanga toroli kwa toroli, nikapanda aina tatu za mbegu. Maji yalikaa pale pale. Mechi zetu nyingi za majira hayo zilihamishiwa viwanja vya watu. Nikazoea, kama mtu anavyozoea jino bovu.

Ndipo akaja Kocha Bahati. Alikuwa Mkongomani wa Bukavu, mtu mfupi mwenye kifua kipana. Alifika nchi hii akiomba hifadhi, akafagia ofisi za watu miaka kadhaa, akasomea ukocha jioni. Chuo kilimpa timu ya wasichana, kwa kuwa hakuna mtu mwingine aliyeitaka. Wachezaji wake walikuwa wanafunzi wa kawaida tu: waliosomea kutunza wazee, waliosomea ususi, uhasibu, ufundi wa mabomba. Hakuna aliyekuja chuoni kwa ajili ya mpira, na hakuna aliyepewa ufadhili wa masomo kwa sababu ya mpira. Walifanya mazoezi Jumatatu baada ya masomo na kucheza Jumatano mchana. Baadhi yao walitoka kwenye zamu ya kutunza wazee wakaja moja kwa moja uwanjani.

Nahodha alikuwa Zawadi, binti wa Kikenya aliyezaliwa hapa hapa, mwanafunzi wa mabomba. Nilimsemesha kwa Kiswahili, akaelewa kila neno, na akanijibu kwa Kiingereza, kama wafanyavyo watoto wetu wote wa huku. Mimi ndiye ninayeyaweka maneno yake kwa Kiswahili hapa.

Msimu wa tatu wa Bahati, timu ilimaliza ya kwanza katika ligi ya chini. Ikaja barua: mnakaribishwa ligi ya juu, jibuni kabla ya mwisho wa Juni. Chuo kizima kikashangilia siku moja. Siku ya pili watu wakaanza kufikiri.

Inafaa mjue ligi ya juu ilikuwa nini. Karibu vyuo vyote vya kule vilikuwa na ufadhili. Vilichagua wasichana hodari kutoka kila pembe, vikawalipia masomo, vikawafundisha mpira kila siku, na vilikuwa na daktari wa misuli na mtu wa kupiga video. Sisi tulikuwa na Bahati, mfuko wa mipira, na mimi. Na ligi ilidai jambo moja zaidi: chuo kiwe na uwanja wa nyumbani unaochezeka majira yote ya baridi, na mkaguzi angekuja Agosti kuutazama.

Prinsipali wetu, Bi Helen, aliita mkutano. Alikuwa Mwingereza mrefu, mpole, asiyependa kupaza sauti. Walikuwepo walimu wanne, Bahati, Zawadi kwa niaba ya wachezaji, na mimi kwenye kiti cha karibu na mlango na buti zangu mguuni.

"Chuo kimoja kisichokuwa mbali na hapa kilipanda," Bi Helen alisema. "Kilifungwa kila Jumatano. Sita, saba, nane. Ilipofika Krismasi wasichana walikuwa wameacha kuja, na mwaka uliofuata hakikuwa na timu kabisa. Sitaki kuwafanyia wanafunzi wangu hivyo."

Bahati akasimama. "Na mimi mwaka ujao nitawaambia nini? Kwamba tunacheza tushinde, lakini tusishinde sana?"

Mwalimu mmoja akacheka. Bi Helen hakucheka. Akageuka kunitazama. "Mama Mghoi, wewe unaujua uwanja kuliko sisi wote. Utahimili?"

Nilijua uzito wa jibu langu. Niliona Zawadi akinitazama. Nikafikiria kona ya chini, nikafikiria mkaguzi, nikafikiria nilivyopiga magoti na futi mkononi mbele ya watu.

"Hapana," nikasema. "Hauwezi."

Bi Helen akafunga faili lake kama mtu aliyetuliwa mzigo. Alisema atalifikiria jambo hilo, lakini wote tulielewa.

Bahati alinikuta kwenye korido. Hasira ilikuwa imekirudisha Kiswahili chake Bukavu. "Mama Mghoi, si bale benye kulipia wachezaji ndio balituua. Ni weye."

"Nimesema kweli, Kocha."

"Ndiyo, umesema kweli," akasema. "Umeisema na ukakaa."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenitukana. Jumamosi nilipanda treni kwenda Queensbury kumwona Bwana Ramesh. Alikuwa amezeeka sana, sikio moja halisikii, lakini alijua siku hiyo nyasi za jirani yake zimekatwa fupi mno. Mkwewe akatuletea chai ya tangawizi na chevda ya kutafuna. Nikamweleza yote.

Akanisikiliza mpaka mwisho. "Wewe nasema uwanja hawezi," akasema. "Mimi hapana fundisha wewe kusema hivyo. Mimi nafundisha kusema uwanja nataka nini."

"Nimeupa kila kitu, Bwana Ramesh. Mchanga, uma, mbegu. Kona ile haina dawa."

Akaweka kikombe chini. "Iko bomba," akasema.

"Bomba gani?"

"Chini ya uwanja. Bomba ya udongo ya kuchoma, ya kutoa maji. Watu nalaza zamani, kabla yangu. Mzungu mzee nilikuta pale ndiye naniambia. Mimi natafuta miaka miwili, nachimba huku, nachimba huku, sioni. Naacha."

"Mbona hukuniambia miaka yote hii?"

Akatazama mikono yake. "Wewe naniita mwalimu," akasema. "Mimi naona haya."

Nilirudi Hounslow na maneno hayo, nikaenda moja kwa moja kwa Bi Helen siku ya Jumatatu. Nilimwambia nilisema uwanja hauwezi, na bado hauwezi, ila nimejifunza kwamba huenda kuna kitu chini yake. Asijibu barua bado. Anipe hadi wiki ya mwisho ya Juni.

"Utafanya nini?" akauliza.

"Sitafanya kitu," nikasema. "Sitaumwagilia maji."

Hakuelewa, nami sikuwa na hakika ya kutosha kumweleza. Nilifikiri hivi: kama kuna mabomba, juu yake kuna kokoto, na penye kokoto udongo hukauka kwanza. Juni ile ilikuwa kavu. Nikafunga mifereji ya kumwagilia, nikakaa. Hilo lilikuwa gumu kwangu kuliko siku zote za uma. Nyasi zikapauka. Walimu walipita wakinitazama kama mgonjwa. Mmoja aliniuliza kwa upole kama niko sawa nyumbani.

Siku ya kumi na mbili nilipanda ngazi za maktaba hadi ghorofa ya tatu, nikaenda kwenye dirisha linalotazama uwanja. Na pale, chini yangu, katika kijani kilichofifia, ilikuwepo michirizi ya manjano. Mmoja mrefu ulikata uwanja kutoka juu hadi chini, na mingine midogo iliuingia kutoka kushoto na kulia, imeinama, sawasawa kama mifupa ya samaki aliyeliwa vizuri. Mfupa mkubwa ulielekea kona ya chini, ukapita chini ya uzio.

Miaka yote nilikuwa nautibu uwanja nikiwa nimesimama juu yake. Nilishika kingo za dirisha, nikacheka peke yangu, msimamizi wa maktaba akaweka kidole mdomoni kuninyamazisha.

Tulichimba mchana huo huo. Nilimpigia simu Bahati, akaja na sepetu bila kuuliza. Zawadi alikuja na fito za kuzibulia mabomba kutoka karakana ya mafundi, zile zinazofungwa moja kwa nyingine hadi zinakuwa ndefu kama ukuta. Nje ya uzio, penye magugu, tukaenda chini hadi kiunoni mwa Bahati ndipo sepetu ikagonga kitu. Ulikuwa mdomo wa bomba jekundu, na ndani yake mizizi ya miti ya uzioni imesokotana kama nywele zisizochanwa tangu kuzaliwa.

Zawadi akalala kifudifudi ukingoni mwa shimo, akaingiza fito, akazungusha. "Halijavunjika," akasema. "Limeziba tu. Huku ndani liko wazi, nasikia."

Akazungusha, tukavuta. Ilitoka mizizi, ikatoka tope, ikatoka mizizi tena. Tulivuta kwa zamu. Halafu kitu kikalegea, Zawadi akapiga ukelele akajiviringisha pembeni, na maji meusi yaliyokaa chini ya uwanja wangu kwa muda nisioujua yakaja kwa kishindo, yakamlowesha Bahati hadi kifuani. Yalinuka kama mayai viza. Bahati hakutoka shimoni. Alisimama humo ameinua sepetu juu kwa mikono miwili kama kikombe cha ubingwa.

Alipoweza kusema, alinigeukia. "Mama, nisamehe kwa yale maneno."

"Chimba," nikamwambia. "Bado kuna mizizi."

Mkutano wa pili ulikuwa mfupi. Nilieleza tulichokiona, nikasema sasa uwanja unaweza, na kwamba nitaweka jina langu chini ya neno hilo. Bi Helen akasema uwanja ni nusu ya jambo, bado kuna wale wenye ufadhili. Akamuuliza Zawadi kama wachezaji wanajua kinachowangoja.

"Tunajua tutafungwa," Zawadi akasema. "Mwanzoni tutafungwa sana. Mimi nasomea mabomba, Bi Helen. Siku ya kwanza niliifurisha karakana nzima. Hakuna aliyenirudisha darasa la chini."

Bi Helen akaweka sahihi kwenye barua. Lakini alitoa sharti: siku atakayoona wasichana wameanza kukimbia timu, ataitoa ligini mwenyewe, bila mkutano. Tulikubali. Lilikuwa sharti la haki.

Mkaguzi alikuja Agosti na kijiti chake cha kupimia. Alitembea, alidundisha mpira, akachoma ardhi hapa na pale, akafika kona ya chini akakaa hapo muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akaniuliza tumeifanyia nini. Nikamwonyesha mdomo wa bomba. Akaandika, akanipa mkono.

Mechi ya kwanza ilikuwa ugenini. Nilikwenda na basi dogo la chuo, maana nilitaka kuona nyasi zao. Zilikuwa nyasi za kutia mtu dhambi ya wivu. Tulifungwa sita bila. Wasichana wale walikimbia kama wameambiwa mpira uko wapi kabla haujapigwa. Tukarudi Hounslow basi likiwa kimya hadi mmoja wa watunza wazee aliposema kwamba bibi anayemhudumia humfunga drafti kila siku na bado yeye humrudia. Wakacheka kidogo.

Ya pili tulifungwa nne. Ya tatu, tatu kwa moja. Jumatatu iliyofuata Bi Helen alikuja mazoezini, akasimama pembeni na mwavuli, na nilijua amekuja kuhesabu vichwa. Nami nilihesabu, nikiwa nyuma ya kigari cha kuchorea mistari. Timu ilikuwa na wasichana kumi na wanane. Walifika kumi na wanane. Mmoja alikuwa na mguu uliofungwa bandeji na alikuja kuokota mipira tu. Bi Helen akakunja mwavuli akaondoka. Mechi ya nne tukatoka sare.

Novemba ikaleta mvua ya siku tatu mfululizo. Jumatano asubuhi refa alifika akiwa ameshakata shauri, nadhani, kwa sababu viwanja vya jirani vyote vilikuwa vimefungwa. Akatembea nami hadi kona ya chini. Akaikanyaga kwa nguvu, akangoja maji yapande. Hayakupanda. Akaikanyaga tena. Nje ya uzio yalisikika yakimwagika mtaroni, mfululizo, kama bomba la jikoni lililosahauliwa.

"Mtacheza," akasema.

Wageni wetu hawakuwa wamekuja na nia ya kucheza. Walikuwa wamevaa viatu vya kurudia nyumbani. Tuliwafunga moja bila, ushindi wetu wa kwanza katika ligi ya juu. Jioni nilimpigia simu Bwana Ramesh. Hakuuliza mechi ilikwendaje. Aliuliza, "Maji natoka?" Nikamwambia yanatoka. Nikasikia akimwambia mkwewe kwa Kigujarati, kisha akanirudia akasema, "Haya. Sasa niambie goli ngapi."

Baada ya hapo msimu ulikuwa wa kupanda na kushuka. Tulishinda nyumbani, tukafungwa ugenini, tukatoka sare na watu waliotudharau. Bahati aligundua kwamba wasichana wanaoinua wazee vitandani hawachoki dakika za mwisho, akaanza kuwaambia wasubiri hadi wenzao wachoke. Kufikia Aprili tulikuwa wa tatu kutoka chini, na mechi moja ilibaki. Tukishinda, tunabaki juu. Tukitoka sare au kufungwa, tunarudi tulikotoka. Na aliyekuwa anakuja ni chuo kile kilichotufunga sita.

Watu walikuja. Wanafunzi wa ususi walifunga saluni yao ya mazoezi. Wapishi walitoka jikoni na aproni. Bi Helen alisimama kwenye mstari wa pembeni, na viatu vyake vya ofisini vilikuwa vimezama kidogo kwenye nyasi, jambo ambalo siku nyingine ningelisemea.

Walitufunga dakika ya kumi. Nilifikiri, basi. Lakini kipa wetu, yule aliyecheza drafti na bibi, alitoa mikono yake kila mahali mpira ulipokwenda, na baada ya mapumziko winga wetu wa kushoto akasawazisha kwa mpira uliomgonga beki wao na kuingia. Bao ni bao. Moja kwa moja. Dakika zikaenda. Bahati alikuwa amevua koti, amelivaa tena, amelivua. Wasichana wenye ufadhili wakaanza kushika viuno.

Dakika ya themanini na saba, kiungo wao alipokea mpira akageuka polepole. Zawadi alikuwa nyuma yake. Akauchukua mpira kama mtu anavyochukua sufuria yake kwa jirani, akakimbia nao, mabeki wawili wakamjia, akawangoja wakaribie, ndipo akausukuma kulia. Mshambuliaji wetu, msichana wa uhasibu ambaye msimu mzima alipiga mipira juu ya mwamba wa goli, aliupiga chini. Wavu ukatikisika.

Yaliyofuata nimesimuliwa na wengine. Najua kwamba kwa miaka yote niliyofanya kazi sikuwahi kukanyaga uwanja mechi ikiendelea, na niliwafokea wengi waliofanya hivyo. Najua pia kwamba nilipozinduka nilikuwa katikati ya duara la kati, na buti zangu nzito, nimemkumbatia Kocha Bahati, naye analia, na sote wawili tunaruka juu ya nyasi nilizopanda mwenyewe mwezi uliopita.

Refa alitujia akikimbia. Alimtazama Bahati, akanitazama mimi, akaingiza mkono mfukoni, akanyanyua kadi ya njano juu ya kichwa changu.

"Jina?" akauliza, kalamu mkononi.

"Mghoi."

"Wewe ni nani kwenye timu?"

"Mtunza uwanja."

Akaandika. Nikarudi pembeni kwa hatua ndogo ndogo, ili nisiharibu zaidi, na uwanja mzima ulikuwa unaimba jina langu, na Bi Helen alikuwa akiimba pia, vibaya. Dakika tatu baadaye filimbi ikalia, nasi tukabaki ligi ya juu.